Tawi Nililoliweka Njia Panda

Ijumaa tulimzika Saidi, na njiani kwenda msibani nusura na mimi nizikwe siku hiyo hiyo. Nilikuwa navuka barabara karibu na soko hapa Dodoma, kikapu cha mchele wa msibani mkononi, mara lori lililokuwa linakwenda moja kwa moja likakata kona mbele ya pua yangu. Dereva hakutoa mkono dirishani. Hakupiga honi. Hakupunguza mwendo. Hatua moja mbele yangu alikuwapo bibi mmoja wa Kigogo, mtu wa rika langu, anatembea taratibu na fimbo yake. Nikamshika shuka nikamvuta kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo, tukaangukia wote wawili juu ya magunia ya karanga ya mchuuzi mmoja. Lori likasimama mbele kidogo, kijana akachomoza kichwa akasema, "Bibi, macho hayaoni gari?" Gari naliona, nikamwambia. Gari zima naliona, na tela lake. Nisichokiona ni mkono wako, au mama yako alikuzaa bila mikono? Nikaendelea na mengine ambayo siyaandiki hapa, mpaka wauza nyanya wakaacha biashara wakaja kusikiliza.

Mjini hapa madereva wananiita Bibi Mkono. Wananijua. Nikimwona mtu anageuza gari bila kuonyesha anakokwenda, namfuata mpaka gereji nikamseme mbele ya wenzake. Wajukuu wanaona haya, wananiambia, "Bibi, achana nao, utajiua kwa hasira." Wanadhani ni uzee. Si uzee. Nipo hivi tangu nina miaka kumi na minane au karibu na hapo, tangu mwaka mmoja wa utawala wa Wajerumani ulionifanya niwe mtu wa kugombana na watu njiani, na Saidi tuliyemzika Ijumaa alikuwa ndani ya mwaka huo. Tumekaa mji mmoja zaidi ya miaka hamsini, yeye upande huu wa reli na mimi upande ule, na kwa muda wote huo sikupata kutoka kwake hata jibu la salamu. Nikimsalimu anatazama pembeni. Mtu akikunyima jibu la salamu nusu karne amekwisha kukuhukumu, na mimi nilihukumiwa kwa kosa ambalo sikulifanya. Nilikwenda kumzika hivyo hivyo, na mchele nikabeba.

Yule bibi niliyemvuta, kumbe alikuwa anakwenda msiba huo huo. Jina lake Mwendwa. Mjukuu wake wa kike ameolewa na mjukuu wa Saidi hivi karibuni tu, na yeye mwenyewe ameletwa mjini na wanawe juzi juzi kutoka vijijini, huko upande wa Mpwapwa, kwa hiyo hakuwa akimjua marehemu zaidi ya kumwona siku ya harusi. Tulikalishwa wanawake wazee chumba kimoja, chumba chenye dirisha dogo na harufu ya ubani, juu ya mkeka uliokuwa bado na makombo ya maandazi ya waliokaa kabla yetu. Mwendwa alikuwa anajipangusa vumbi la karanga. "Ahsante, dada," akaniambia. "Leo ningekufa kwa lori, mimi niliyepona njaa mbili." Nikamjibu kwamba zamani, sisi tuliotembea kwa miguu na mizigo kichwani, tulikuwa na adabu kuliko hawa wenye injini, maana mtu wa mbele akifika njia panda alikuwa hapiti mpaka amemwonyesha wa nyuma alikokwenda. Tulikuwa tunaweka tawi. Aliposikia neno tawi akaweka kikombe chini, akanitazama. Nitarudi kwenye chumba kile. Kwanza nieleze tawi lenyewe.

Mwaka ule reli ilikuwa haijafika Dodoma, na Dodoma yenyewe haikuwa mji wa kuitwa mji. Vitu vyote vilipanda bara vichwani mwa watu. Niliingia katika msafara wa tajiri mmoja wa pwani, mzigo wangu ukiwa vyungu na unga wa watu kumi na wawili. Aliyetutangulia njiani, kirangozi wetu, alikuwa Masanja, Mnyamwezi mwenye sauti nene na miguu mirefu, ambaye barabara ya pwani hadi Tabora aliijua kwa nyayo. Masanja hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini katika adabu ya njia alikuwa mkali kuliko mwalimu wa chuo cha Kurani. Asiye na mzigo ndiye anayepisha, mwenye mzigo haondoki njiani. Anayepanda mlima hasimamishwi kwa salamu, unamsalimu akifika juu. Misafara miwili ikikaribiana, viongozi hupigiana barugumu tangu mbali ili kila mmoja ajue mwenziwe anashika upande gani. Na kubwa kuliko yote ni kufunga njia. Unakata tawi bichi, la siku hiyo hiyo, unalilaza kuikata ile njia ambayo hamkwenda, kisha nyuma yake unachora mstari kwa kisigino kutoka ukingo hadi ukingo. Tawi peke yake linaweza kuangushwa na upepo au kuburutwa na mbuzi, lakini tawi na mstari ni neno la mtu aliyetangulia. Wa nyuma akiona hivyo haulizi, anafuata njia iliyobaki wazi. "Binti," Masanja aliniambia siku aliyonifundisha, "ukifunga njia, umeweka roho za watu pale chini. Usifunge huku unacheka."

Aliyekuwa ananichekesha ni Tatu. Tatu alikuwa mke wa Saidi, na Saidi alikuwa mpagazi wa majora ya kitambaa cha merikani, kijana wa mabega mapana aliyempenda mkewe mpaka wenzake wakamtania kwamba angeweza kumfunga juu ya mzigo akambeba na yeye. Mimi na Tatu tulipika chungu kimoja. Alikuwa akisonga ugali wa uwele mgumu kiasi kwamba mwiko ulisimama wenyewe, na ukoko wa chunguni alinifichia mimi, akisema mwembamba kama mimi nitapeperushwa tukifika Ugogo kwenye upepo. Aliwaigiza watu wote wa msafara, mwendo wa Masanja, kikohozi cha msimamizi, mpaka namna Saidi anavyonyata akitaka nyama ya ziada. Nilikuwa sina mtu mwingine katika msafara ule, na sikuhitaji mwingine.

Sasa nifike kwenye kidonda. Tulikuwa bado hatujafika Mpwapwa, tunapanda kilima kimoja cha mawe, njia nyembamba, kila mtu na mzigo wake, jua la saa tano. Kutoka juu tukasikia kelele za "Pisha! Pisha!" na hatukusikia barugumu wala salamu yoyote kabla yake. Ilikuwa machila ya Mzungu mmoja wa serikali, imebebwa na watu wanne, mbele yake askari wawili na viboko. Wao walikuwa wanashuka, tena yule bwana alikuwa amelala. Sisi tulikuwa tunapanda na mizigo. Kwa adabu ya njia, na kwa akili ya kawaida tu, wao ndio wa kusogea. Masanja akaita kwa heshima, "Bwana askari, tupeni nafasi kidogo, watu wamebeba." Askari akamjibu kwa kiboko cha shingo. Tukasukumwa wote pembeni kwenye miiba, wanawake na wanaume, mizigo ikadondoka, chungu changu kimoja kikapasuka, na tukaamriwa kusimama na kuinamisha vichwa mpaka machila ipite. Yule bwana hakuamka. Tulimsujudia mtu aliyekuwa anakoroma! Tatu alikanyaga mwiba wa mgunga, mrefu kama kidole changu, ukaingia chini ya unyayo ukavunjikia ndani. Hata pale pale, huku Saidi anaufukua kwa ncha ya kisu, Tatu aliigiza ule mkoromo tukacheka. Lakini mwiba haukutoka wote.

Mpwapwa tulipumzika siku tatu, tukapangishwa katika tembe moja ndefu ya udongo, yenye paa la bapa na vyumba vinavyofuatana gizani, upande mmoja watu na upande wa pili ndama. Ndani mlikuwa na joto la mifugo na moshi wa jikoni, na mwenye nyumba alitupa mlenda na maziwa ya mgando bila kuombwa. Mguu wa Tatu ulikuwa unavimba. Nilikuwa nimeketi naye, namkanda kwa maji ya moto, na kupitia ukuta wa fito uliokuwa kati yetu na chumba cha pili nikawasikia Masanja na msimamizi wa tajiri wanazozana kwa sauti ya chini. Msimamizi alisema akida wa sehemu za mbele ametangaza kwamba njia ya zamani imekufa. Misafara yote ipite barabara mpya aliyoichimbisha kwa amri ya wakubwa zake, na atakayeonekana kwenye njia ya zamani atachapwa viboko hamsa ishirini. Masanja akauliza swali moja tu. "Barabara hiyo ina kisima?" Msimamizi akasema barabara ni pana, imenyooka, na njia panda imewekwa ubao wenye maandishi. "Nimeuliza kisima," Masanja akasema. "Hapo ni Marenga Makali, bwana. Nyika kavu. Njia ya zamani imepinda kwa sababu inakwenda kwenye maji. Aliyeinyoosha ameyaacha maji pembeni. Watu wangu hawanywi ubao." Tatu akanifinya paja, akaigiza midomo ya Masanja bila sauti. Ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka kumwona akiigiza mtu.

Tulipoondoka Mpwapwa alitembea siku ya kwanza, kwa shida, mzigo wake tumegawana. Siku ya pili alfajiri, kambini, mguu ulikuwa umefika unene wa paja na homa imepanda. Masanja akapanga mambo vizuri, na hili nalisema kwa haki yake. Sisi wa mbele tutangulie haraka mpaka kisima cha korongoni, ambako ukichimba mchanga kiasi cha mkono unapata maji; tuchote, tupike, na watu warudi na vibuyu kuwapokea. Saidi na wapagazi wawili wabaki na Tatu, wambebe kwa shuka na mti jua likipanda kidogo na baridi ikimwachia. Wakapewa kibuyu kimoja cha maji, maana hadi kisimani haikuwa hata nusu siku. Saidi akaniambia, "Zaina, waambie watuonyeshe njia." Nikamwambia nitaifunga mwenyewe. Tatu alikuwa amefumba macho, lakini akasema, "Usifunge ukanifungia na mimi nje." Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Njia panda tuliifikia jua linachomoza. Upande wa kushoto inaingia njia ya zamani, nyembamba, imechimbika kwa nyayo za watu wasiohesabika. Mbele moja kwa moja barabara mpya, pana kweli kweli, imenyooka mpaka inapotelea kwenye ukungu wa vumbi. Katikati ubao juu ya nguzo, na maandishi meusi ya Kizungu. Tulikuwa watu zaidi ya sitini, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuusoma ubao ule. Sisi tuliosoma chuoni tulijua herufi za Kiarabu. Waliuweka kwa ajili ya nani? Mtu anayeweza kuusoma alikuwa amelala ndani ya machila! Masanja hakuutazama. Akanipa shoka, akasema, "Funga." Nikakata tawi la mkole, bichi, lenye majani mengi. Nikalilaza kuikata barabara mpya. Nikachora mstari kwa kisigino, nikaurudia mara ya pili kwa kuwa barabara ilikuwa pana na ardhi ngumu, mpaka kisigino kikaniwaka. Sikuwa nacheka. Masanja akapita akautazama, akaitikia kwa kichwa, tukaingia kushoto. Wengine wote hawakuona, walikuwa wamekwisha kupita. Shahidi wangu alikuwa Masanja mmoja.

Kisimani tulifika mapema. Nikachimba, nikachota, nikapika uji mwembamba wa mgonjwa nikaufunika. Jua likafika kichwani. Likapita. Watu wanne waliotumwa na vibuyu kuwapokea nikawafuata bila kuagizwa, na Masanja mwenyewe akaja. Tulirudi nyuma tukitazamia kila kona kuwaona, na kila kona ikawa tupu, mpaka tukafika njia panda saa tisa hivi. Tawi langu lilikuwapo. Lilikuwa limelala kwenye njia ya zamani. Lilikuwa limefunga njia tuliyotokea sisi, njia ya maji, na barabara mpya ilikuwa wazi, safi, imefagiliwa, ina michirizi ya ufagio ukingo hadi ukingo, na juu ya michirizi hiyo nyayo za watu watatu waliobeba mtu, zinakwenda moja kwa moja kwenye ukavu.

Masanja alinitazama. Nikasema, "Mstari wangu uko wapi? Kirangozi, uliuona mstari wangu! Hapa kuna watu wamefagia." Akasema, taratibu, "Nimeona umefunga, binti. Jua lilikuwa bado chini, mtu huweza kukosea upande. Mfagiaji hutupa takataka, hahamishi." Wale wanne walikuwa wanasikia. Nikaona neno lile linavyowaingia mmoja mmoja. Nikataka kukimbilia vijiji vya karibu nikawatafute waliofagia niwaulize, akanikatalia, na alikuwa na haki, kwa kuwa wa kutafutwa kwanza ni Tatu. Tulifuata nyayo mpaka giza likatuzuia, na asubuhi yake tukawakuta chini ya mti usio na majani. Kibuyu kilikuwa kikavu. Wale wapagazi wawili walikuwa hai, Saidi alikuwa hai, ameketi ameupakata mguu ule uliovimba, na Tatu alikuwa amekufa tangu usiku. Maji yetu tuliyobeba yalimwogesha maiti.

Saidi aliuliza swali moja. "Nani alifunga njia?" Nikasema mimi. Akasema, "Tuliona tawi. Tukafuata barabara. Tatu alisema tawi haliulizwi." Nikamuuliza, huku nalia, kama aliona mstari wa kisigino. Akasema hakukuwa na mstari. Nikawageukia wote, nikawaambia basi hiyo ndiyo dalili, tawi bila mstari si neno la mtu, mimi nilichora mstari mara mbili, tazameni kisigino changu! Niliinua mguu wangu mbele ya wanaume nikawaonyesha kisigino kilichochubuka. Mmoja akasema, "Wote tuna visigino hivyo." Masanja hakusema neno. Angesema tu, "Niliona amefunga barabara," ingekwisha. Lakini alikuwa ameanza kuwa na shaka na macho yake mwenyewe, au aliogopa kwamba kosa likitoka kwangu litamrudia yeye aliyeivunja amri ya akida. Mpaka leo sijui, na mpaka leo namkasirikia. Msimamizi akasema mizigo inachelewa. Tukamzika Tatu kando ya barabara ile pana, tukaondoka.

Msafara ulipofika Ugogo niliacha mzigo wangu, nikabaki. Hakuna aliyenizuia. Mambo mawili niliyafanya baadaye kwa sababu ya mwaka ule. La kwanza, nilijifunza herufi za Kizungu, nikiwa tayari mama wa watoto, kwa mtoto wa jirani aliyekuwa anasoma misheni, kwa kuwa niliapa kwamba hakuna ubao utakaosimama tena mbele yangu ukanifanya mjinga. La pili, nilifikiri. Nilifikiri miaka mingi. Niliamini kwamba mtu mwenye roho mbaya alilihamisha tawi langu makusudi, kwa mzaha au kwa chuki juu ya wapagazi, akaketi kichakani akawaona watu wanakwenda kufa. Nilimtengenezea mtu huyo uso. Nilimlaani kila nilipoanza kusahau. Saidi alikuja Dodoma na reli, akaoa, akazaa, akanipita sokoni bila kunisalimu, na kila aliponipita nilimlaani yule mtu wa kichakani kwa niaba yetu sote wawili.

Basi turudi chumbani, kwenye mkeka, Ijumaa. Mwendwa aliweka kikombe chini, akasema, "Dada, wewe ulikuwa unapita njia zetu? Mimi nimezaliwa karibu na ile njia panda yenye ubao. Tulikuwa tunafagishwa ile barabara." Akaanza kunisimulia, kwa utulivu, huku anavunja andazi. Kila mara mkubwa wa serikali akitarajiwa, mnyapara wa akida alikuja vijijini alfajiri na kiboko, akawakusanya wanawake na mafagio ya matawi. Hata jani lisionekane barabarani. Yeye alikuwa na mimba ya kwanza. "Siku moja tukakuta tawi la mkole limelazwa, na mstari. Mimi najua maana yake, nimekua njiani. Mnyapara akasema toa takataka. Nikasema, bwana, hii si takataka, ni ya wasafiri. Akanipiga mgongoni, na mimba yangu. Nikalitupa, tukafagia, mstari ukafutika."

Akaendelea. "Halafu mnyapara akasema askari wawili wanakuja kujificha kwenye njia ya zamani, na atakayepita huko ni hamsa ishirini. Mimi nikaona nyayo za waliotangulia, zimeingia huko. Nikajua wapo wa nyuma yao, kwa nini wafungiwe tawi kama hakuna wa nyuma? Nikawaonea huruma. Wenzangu walipotangulia nikarudi, nikalitoa tawi kichakani, nikalilaza kwenye njia ya zamani. Ili wasichapwe. Na mstari nilitaka kuchora, lakini mnyapara akaniita." Akatabasamu, na meno hana. "Askari wenyewe hawakuja. Kutisha tu. Lakini dada, katika maisha yangu yale ya kufagishwa na kupigwa, lile moja nalikumbuka kwa furaha. Nilifanya kitu cha mtu. Nimewasimulia watoto wangu wote."

Ndiye huyo. Uso nilioutengeneza miaka hamsini, mtu wa kichakani, alikuwa mwanamke mwenye mimba na alama ya kiboko mgongoni, aliyerudi kwa hofu kuwaonyesha wageni njia. Chumba cha pili wanaume walikuwa wanasoma dua, wanalitaja jina la Saidi. Nilitaka kusimama niwaite wote, watoto wake, wajukuu wake, niwaambie njooni msikie, sikuwa mimi! Ushahidi niliokuwa nautafuta tangu ujana ulikuwa umeketi karibu yangu, unakula andazi, na mtu pekee aliyehitaji kuusikia alikuwa ameshalazwa kaburini saa moja iliyopita. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakavuma. Lakini ilikosa pa kwenda. Nilimtazama Mwendwa, haikuweza kumkaa. Ikampita, ikaenda kwa mnyapara, ikampita mnyapara ikaenda kwa akida na barabara yake isiyo na maji, ikafika kwenye machila, kwa yule bwana aliyekuwa amelala. Wale hawakupisha, hawakuonyesha, hawakuuliza, kisha wakayafagia na maneno tuliyokuwa tunaachiana sisi kwa sisi. Yule bwana aliamka alikofika, akanywa chai yake, na hakujua kwamba kuna Tatu.

"Unalia, dada?" Mwendwa akaniuliza. Nikamwambia namlilia marehemu. Akanipa ncha ya shuka yake nijifute. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo alilojiuliza mara nyingi shambani, "Wale wa nyuma, unadhani walifika salama?"

Mtu aliyenyimwa salamu nusu karne anajua neno moja linavyoweza kumkaa mtu. Nikamwambia, "Walifika, dada. Walifika wote."

Akashukuru Mungu. Tukatoka pamoja jioni, nikamshika mkono kwenye ile ile kona ya soko, na lori lililokuja lilitoa mkono, jambo nisilolitarajia, na sikuwa na nguvu hata ya kumshukuru dereva. Mwendwa hajui kusoma, na atakayemsomea hili atakuwa hana utu. Wengine nyote mlioniangalia kwa pembeni miaka yote hii, someni vizuri. Nilifunga barabara, sikuifunga njia ya kisima. Na mstari nilichora, mara mbili.